Mwaka Niliopima Abiria wa Bunia

Bijou alirudi Bunia mwezi uliopita, na alirudi kwa ndege, kama nilivyojua siku zote kwamba atarudi. Nilimngojea nje ya uzio wa uwanja, mahali ambapo watu wa mji huu husimama kusindikiza na kupokea, na ndani ya mkoba wangu kulikuwa na kitu chake kilichofungwa kwa kitambaa, nilichokuwa nimekaa nacho nyumbani toka kiangazi kilichopita. Nilijiambia kwamba nitampa akishuka tu. Akashuka, mnene, nywele zimeanza mvi, miwani ameipandisha kichwani, na mbeba mizigo asiyemjua akamwita "Mama Patrone". Bijou akacheka kile kicheko chake, na watu waliokuwa mbele yangu kwenye uzio wakacheka pia bila kujua wanacheka nini. Niliutoa mkono wangu mkobani, mtupu. Nimevuka miaka arobaini, nimelala katika miji mingi kuliko mtu yeyote wa mtaa wetu, lakini kicheko kile kilinirudisha palepale, kwenye kibanda cha mabati kando ya kiwanja, nikiwa binti mwenye diploma mpya ya sekondari, nimeshika kazi ambayo haikutajwa jina na mtu yeyote.

Mwaka ule barabara zote zilikuwa zimefungwa na hofu. Kwenda Mambasa, kwenda Beni, hata kwenda mji wa Kilo hapo karibu, mtu alifikiri mara nyingi kisha akabaki nyumbani. Kwa hiyo kila kitu kilipita angani: vitunguu, viazi, samaki wa chumvi kutoka ziwani, mbuzi waliofungwa miguu, kreti za bia, walimu, wagonjwa, bibi harusi na godoro lake. Shirika dogo lililotuajiri lilikuwa na ndege ndogo, na ndege ndogo haidanganywi. Kila abiria alipanda kwenye mizani pamoja na mzigo wake, kama gunia, na mimi, Mapendo, nilisoma namba na kuipaza kwa sauti. Ndani ya kibanda, nyuma ya dirisha lisilo na kioo, alikaa Bijou mbele ya fonie, ile redio ya kuzungumza na viwanja vya mbali, iliyokula umeme wa betri ya gari. Mimi nilipaza namba, yeye akaijumlisha na kuituma angani. Namba ilikuwa yangu, lakini ilifika Isiro kwa sauti yake.

Watu walichukia mizani ile na kuipenda. Wanaume wembamba walijaza mawe mfukoni wasionekane wembamba, nami niliwaambia wayatoe. Wanawake walikuja wamevaa vitenge vitatu na makoti mawili juu yake, jua likiwaka, wakidhani nguo za mwilini hazipimwi. Mama mmoja muuza samaki wa Kasenyi alipanda akaninong'oneza, "Weye mutoto, usiseme kwa nguvu. Bwana yangu iko pale kwa uzio."

"Mama, piloti anapashwa kusikia."

"Piloti njo alinioa?"

Nikaipaza. Huko kwenye uzio watu wakapiga makofi, na mume wake akainua kofia kama aliyeshinda uchaguzi. Kutoka dirishani sauti ya Bijou ikatiririka, tamu, haina haraka: "Isiro, Isiro, hapa Bunia. Nakutumia mama moja muzuri sana na samaki yake. Mumupokee na watu wa nguvu. Avu." Alimaliza kwa ile avu ya redio, yaani zamu yako, na kibanda kizima kikacheka. Kule Isiro, kwenye mkwaruzo wa redio, mwanamume mmoja naye akacheka. Mimi nilibaki na mizani.

Ukuta wa kibanda ulikuwa na ramani ya nchi, imeliwa na unyevu upande wa Katanga. Bijou alikuwa ametia alama ya rangi ya kucha kila mahali alipozungumza napo: Aru, Isiro, Mambasa, Beni, Goma, Kisangani, Kindu, Mbandaka, na chini kushoto, Kinshasa, nukta kubwa kuliko zote. Hakuwa amekanyaga hata kimoja cha viwanja hivyo, wala mimi, lakini yeye walimjua. Marubani walimletea zawadi kutoka kwa watu ambao hawakuwahi kumwona. Nanasi kutoka Isiro, asali ya Mambasa ndani ya chupa ya bia, viwavi vikavu vya Kisangani, mchele wa Kindu, rangi ya midomo kutoka Kinshasa. Nilijifunza jiografia ya nchi yangu kwa vitu alivyoletewa mwanamke mwingine. Mchana tulikula pamoja juu ya kreti iliyogeuzwa, bugali ya muhogo na sombe, majani ya muhogo, niliyotoka nayo nyumbani, na Bijou alikata nanasi lake katikati, akanipa nusu iliyo kubwa. Alinigawia kila kitu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu utamu ulinijaa mdomoni na sikuwa na la kulalamikia.

Siku moja nilipokuwa namalizia kula, Bijou akiwa nje anaosha sahani yake, nilimsikia shefu wetu, mkubwa wa kituo, Papa Faustin, akizungumza na rubani nyuma ya ukuta wa mbao. Papa Faustin alikuwa mtu mpole aliyeogopa kuchagua hata kati ya chai na kahawa. Alisema wakubwa wa Kinshasa wanatafuta binti mmoja kutoka Bunia, mwenye diploma, wa kukaa kwenye guishe, dirisha la kupokea abiria, ya uwanja wa kimataifa, kule ndege zinakotoka kwenda Nairobi, Johannesburg na Ulaya.

"Upeleke ule wa sauti," rubani akasema.

"Na ule wa kilo? Ule pia iko na diploma."

"Ule wa kilo anaitwa nani?"

Rubani yule nilimpima kila aliporuka, kwa sababu rubani naye hupimwa. Nilijua uzito wake akiwa amekula na akiwa hajala. Hakulijua jina langu. Nilibaki nimeshika kipande cha bugali mkononi mpaka kikakauka, na ndipo nilipoamua kwamba nafasi ile itakuwa yangu.

Papa Faustin alifanya kama kawaida yake: hakuchagua. Alituita wote wawili akasema tutasafiri pamoja hadi Kisangani, na huko wakubwa watatupima wenyewe, yaani watatuuliza maswali, na atakayechaguliwa ataendelea hadi Kinshasa. Jioni ileile nilimwambia Mama Mukubwa, dada ya mama yangu, ambaye nilikaa kwake. Nilimwambia kwa makusudi akiwa sokoni, mbele ya watu. Kwetu, habari kwamba mtu anapanda ndege kwenda Kinshasa ni habari ya kila mtu. Mwanafunzi, askari, binti aliyeolewa mbali, wote wana mama hapa, na kila mama ana kitu cha kutuma. Tunaita koli. Kukataa koli ni kumwambia mama mtoto wake hakuhusu. Nao hawakunitumia kwa sababu ya kunisumbua, walinitumia kwa sababu ya kunihesabu. Waliingia mmoja mmoja sebuleni kwa Mama Mukubwa, wakakaa, wakanywa chai ya maziwa, wakaita jina langu. "Mapendo wetu." Waliacha fromaji, jibini ya kwetu, iliyofungwa kwa jani la mgomba, samaki wa chumvi, unga, siagi, asali. Nilipanga vyote kando ya ukuta, na kila koli ilipoongezeka nilijiona nimekuwa mkubwa. Sikukataa hata moja. Nilifikiri: Bijou ana nini kama hiki?

Hakuwa nacho. Bijou alipanga chumba kimoja nyuma ya hospitali. Watu wake walikuwa wa Djugu na walikuwa wametawanyika, wengine ng'ambo ya ziwa, wengine hakujua wapi. Hakumwambia mtu kwamba anasafiri kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwambia.

Asubuhi ya safari mtaa wetu ulinisindikiza kwa miguu, koli zikiwa kwenye toroli la mbao, na wakajipanga kwenye uzio kama watu wa harusi. Bijou alifika peke yake na sasheti moja ya plastiki mkononi, amevaa viatu vyeusi vya ngozi alivyovinunua kwa siku hiyo. Kisha ndege ikaja kutoka Aru ikiwa na mgonjwa amelazwa kwenye machela, viti vya nyuma vimeondolewa, na nesi wake. Rubani akashuka, akamnong'oneza Papa Faustin, na Papa Faustin akatugeukia akiwa na uso wa mtu anayeumwa jino.

"Nafasi ni ya mutu moja," alisema. "Mutu moja na kidogo. Tupime."

Nani katika Bunia nzima alijua mizani ile kunishinda? Bijou alikuwa mnene, mimi nilikuwa kama kijiti. Nilipanda kabla hajamaliza kusema, na Papa Faustin akainama kusoma.

"Muzuri," akasema. "Sasa na bagaji yako."

Toroli likasogezwa. Nusu yake haijapakuliwa, sindano ilikuwa imekwisha kupita pale ilipotakiwa kukomea.

"Punguza, Mapendo."

Nilikwenda kwenye uzio na fromaji mikononi. Mama aliyeileta aliponiona nikija nayo akarudi nyuma hatua, mikono mgongoni. "Unanirudishia? Sasa nimufikirie mutoto yangu nini?" Nikageukia wa samaki, akatazama chini. Pembeni alisimama Mama Zawadi, aliyekuwa amekimbia kutoka Djugu na kuishi kwenye mahema karibu na kiwanja. Yeye hakunikemea. Alisema tu, "Ni maharagi. Ya kwetu. Nilibeba kwa kichwa siku ya kukimbia, nikabakisha ya Zawadi. Akionja atajua niko muzima." Mtaani kwetu koli iliyotoka haikurudi. Iliyorudi ilikuwa habari mbaya.

"Acha zote hapa," Papa Faustin akaita. "Zitaenda kesho."

Nilikuwa nimefanya kazi katika kibanda kile mwaka mzima. Niliijua kesho yake. Nilijua harufu ya siagi iliyongoja kesho. Na watu wote walionihesabu walikuwa nyuma ya waya, wananitazama. Nilisimama kati ya mizani na uzio, na sikuweza kuacha hata moja, kwa sababu kama ningeacha moja ningepaswa kusema ya nani. Rubani aliwasha injini. Papa Faustin, ambaye hakuwahi kuchagua kitu, akachagua.

"Bijou, panda. Mapendo, nipe kilo yake."

Nilisoma mimi mwenyewe. Niliipaza mimi mwenyewe, wazi, kama nilivyompazia kila mtu, na hakukuwa na mtu dirishani wa kuituma. Ilitosha, ikabaki kidogo sana. Bijou akatazama sindano, akatazama toroli, akanitazama mimi. Kisha akainama, akavua vile viatu vipya, akaviweka mikononi mwangu.

"Nipe ile ya maharagi," alisema.

Akapanda ndege miguu mitupu, maharagi ya Mama Zawadi kifuani. Katika koli zote zile alichukua moja, bila kigugumizi, na hakuna hata mama mmoja aliyemlaumu kwa zilizobaki. Waliniwinda mimi kwa macho.

Ndege haijapotea juu ya vilima vya upande wa Irumu, fonie ilikwaruza. "Bunia, Bunia, hapa Isiro. Bijou? Avu."

Nilikaa kwenye kiti chake. Kilikuwa bado kimebonyea kwa uzito wake. "Isiro, hapa Bunia."

"Nani ule?"

"Mapendo."

"Mapendo gani?"

"Wa kilo."

"Aa." Kisha, kwa upole ulioniua, "Na Bijou iko wapi?"

Wakubwa walimchukua Bijou, kwa kuwa ndiye peke yake aliyefika Kisangani, na mwaka ule wote uliobaki hilo ndilo swali nililojibu. Kindu waliniuliza, Goma waliniuliza, Mbandaka, mbali kiasi kwamba sauti ilifika kama imetoka ndani ya maji, waliniuliza. Kila mmoja nilimjibu kwa adabu, na hakuna aliyenitumia nanasi. Koli nilizituma kidogo kidogo, moja huku moja kule, ndege yoyote iliyobakiza nafasi, na nyingi zilifika. Lakini nenda leo kwenye mtaa wetu uulize ni nani aliyefikisha koli Kinshasa wakati ule mbaya. Watakuambia Bijou, aliyevua viatu. Zawadi alionja maharagi, akalia, akatuma salamu, na salamu zile zilisimuliwa hata kanisani. Viatu vilikuwa vikubwa kwangu. Nilijaza makaratasi kwenye ncha nikavivaa mpaka soli ikatoboka.

Barabara zilipofunguka kidogo niliondoka, na tangu hapo sijakaa. Watu hudhani ni biashara iliyonizungusha, na kweli nimeuza vitenge na sabuni juu ya malori, mitumbwi na pikipiki, nikafika Arua, Kampala, Juba, Bujumbura. Lakini kila mji wa nchi yangu nilioingia niliuliza kwanza uwanja wa ndege uko wapi. Nilikwenda nikasimama. Nilitaka kuona kila nukta ya rangi ya kucha. Mambasa kulikuwa na nyasi na watoto wa shule wakikata njia. Kindu niliona kiwanja chenye lami nzuri na mzee aliyelala kwenye kivuli cha bawa la ndege. Sijawahi kupanda ndege. Mwanzo sikupata nafasi, baadaye nilipata, nikakataa, kwa sababu sikutaka kupanda baada yake. Na popote niliposema nimetoka Bunia, mtu mzima fulani aliinua kichwa: "Bunia? Kulikuwa na binti mumoja pale kwa fonie."

Isiro nilifika kiangazi kilichopita. Fonie zimekufa siku hizi, simu zimezizika. Kando ya kiwanja nilimkuta Papa Lazaro, mrefu, jicho moja limefunikwa na ukungu, anafuga mbuzi palipokuwa ofisi yake. Nilipoisikia sauti yake niliijua mara moja: ile ya "Mapendo gani?" Yeye hakuijua yangu. Nilipomwambia nimefanya kazi na Bijou, alinyanyuka, akaingia ndani, akakaa sana, akatoka na kipaza sauti cha fonie, kile cha kushika mkononi na kubonyeza, waya wake umekatwa. Alikuwa amekifuta. Alikifunga kwa kitambaa.

"Mupelekee," alisema. "Sikumwona hata siku moja. Mwambie hii njo ilikuwa uso wake."

Nilikichukua. Koli haikataliwi.

Na huo mwezi uliopita Bijou alikaa mbele yangu, mezani kwangu, amekuja kumwona kaka yake aliyerudi kutoka ng'ambo ya ziwa. Nilimpikia sombe na samaki wa chumvi. Alikula kwa mikono, akalamba vidole, akanisimulia guishe ya uwanja wa kimataifa, na mimi nilitega sikio kama mtu anayehesabiwa utajiri wa mwenzake. Brussels, alisema. Addis. Nairobi, Johannesburg.

"Na ulifika wapi na wapi?" nikauliza.

Alicheka. "Mi? Mapendo, mi napima balizi. Miaka yote. Mutu anaweka balizi kwa mizani, nasoma, namwambia apunguze, analia, anapunguza, anaenda. Mi nabaki. Sijatoka inchi hii hata siku moja. Nimekuwa weye."

Hakusema kwa uchungu. Alichukua kichwa cha samaki. Mimi niliyefika Juba na Bujumbura nilipaswa kufurahi, na nilichofikiri ni kwamba hata kazi yangu ameichukua, na ameifanyia mbele ya watu wa dunia nzima.

Kisha akasogeza sahani, akainamisha kichwa kama msichana. "Wananiambia ulizunguka. Ulifika kule kwetu kwote, kwa fonie? Niambie. Mi nilijua sauti tu. Ule wa Kindu, alikuwa namna gani?"

Nikamwambia juu ya Kindu. Nikamwambia Mambasa, nyasi, watoto wa shule. Aliuliza kila kitu, kipara au nywele, mrefu au mfupi, na alifumba macho nilipojibu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa na nanasi na Bijou hana. Niligawa polepole, vipande vidogo.

"Na Isiro?" akauliza mwishoni, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Isiro ni kiwanja tu," nikasema. "Na mbuzi."

Mkoba ulikuwa chini ya meza, unagusa mguu wangu.

Siku ya kuondoka kwake nilimsindikiza. Ndege za leo ni kubwa, abiria hapimwi tena, mzigo tu. Mizani ina namba nyekundu zinazowaka na binti anayeisoma hapazi sauti. Balizi ya Bijou, sanduku lake la safari, ilikuwa imejaa vya Bunia, kaka yake na jirani zake wamemtuma kama walivyonituma mimi zamani, na binti akatikisa kichwa: imefika mwisho, hata kijiko hakiingii. Bijou, aliyewaambia watu maneno hayo miaka yote, akacheka mpaka akashika meza. Nilimtazama akifunga zipu. Mzee wa Isiro ana jicho moja, nikafikiri, na ameniamini kwa lile moja. Nikafungua mkoba.

"Ni ya Papa Lazaro," nikasema. "Wa Isiro. Mrefu. Anasema hii njo ilikuwa uso wako."

Hakuuliza kwa nini nimechelewa. Alifungua kitambaa, kidole gumba kikatafuta kibonyezo bila yeye kutazama. Kisha akafungua balizi palepale sakafuni, watu wakinung'unika nyuma yetu, akatoa fromaji nzima aliyokuwa amewanunulia watoto wake, akaiweka mikononi mwangu. Lakini kipaza sauti hakukitia ndani. Aliondoka nacho mkononi.

Nilitoka nje nikasimama kwenye uzio na fromaji ya Bunia, mjini Bunia. Abiria walivuka kiwanja kwa mstari. Karibu na ngazi Bijou alisimama, akawaacha wengine wapite, akainua kile kitu kilichokatwa waya hadi mdomoni. Niliona midomo yake ikisogea, haina haraka, na mwisho nikaona tabasamu. Injini zilikuwa zinanguruma na sikusikia hata neno. Papa Lazaro naye hakusikia, wakati ule pengine alikuwa anakimbiza mbuzi wake kutoka kwenye pisti, njia ya ndege. Hata hivyo nilishika waya za uzio kwa mkono ulio huru, na nikamwonea wivu.